Mama Atafikia kwa Nani?

Flaviana ana wivu, na hajawahi kuufanya siri. Watu wengine huuficha, wanacheka na wewe huku roho inawatokota. Yeye ukimpanda anatangaza, "Mie hapa naona wivu," kama mwingine anavyosema anasikia kiu. Tumepanga nyumba moja hapa Manzese na baraza letu ni moja, cherehani yake upande huu, meza yangu ya mitumba upande ule. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza si ya kuhadithiwa.

Kazi yake ni kupunguza suruali. Suruali za mtumba zinakuja zimeshonewa watu wenye matumbo, yeye anazikata na kuzirudisha zikae kwenye viuno vya vijana wa hapa, ambao hawana matumbo wala haraka ya kuyapata. Anafanya kazi nzuri kwa nje. Kwa ndani, nitasema baadaye.

Kwao ni Mbinga, kwenye kahawa na baridi. Walizaliwa wawili tu, yeye na mdogo wake Yuliana, na Yuliana alikulia mgongoni kwake. Baba yao, mzee Polikarpo, alishafariki. Mama yao, Bi Genoveva, amebaki kule peke yake na mbuzi wake na migomba. Flaviana hajakanyaga Mbinga tangu msiba wa baba. Si kwamba hapendi. Kwenda Mbinga si kwenda Kariakoo, na mtu aliyetoka Dar hawezi kushuka kwenye basi mikono mitupu, wenzake wakamtazama begi kabla ya kumtazama uso. Kila mwaka anasema mwakani. Mume ambaye angesaidia alikwenda Mwanza kutafuta maisha, na naona mpaka leo bado anayatafuta.

Yuliana yeye ni mtu wa ofisini. Anakaa Kunduchi na mumewe Stanley, nyumba ina marumaru na geti linaloita likifunguliwa. Kwa tabia si mtu mbaya. Akija hapa Manzese anaamkia watu wote, hata mimi ananiita dada. Lakini akishaondoka Flaviana anabaki anafagia baraza kwa nguvu mpaka vumbi linaniingia kwenye mashati.

Sasa mwaka huu binti yao, Avelina, alikuwa anapata komunyo ya kwanza. Yuliana na Stanley wakaamua kwenda na gari lao mpaka Mbinga kumchukua bibi aje kwenye sherehe. Hapo ndipo moto ulipowaka. Swali halikuwa bibi anakuja lini. Swali lilikuwa atafikia kwa nani.

Asiyejua atadhani kufikia ni kulala. Mgeni anaweza kulala nyumba tano, lakini anafikia moja. Pale alipotua mzigo wake na kunywa maji ya kwanza, hao ndio wenye mgeni. Wengine wote wanakuja kumsalimia kwao.

"Mie ndo mkubwa," Flaviana aliniambia, mguu wake ukiwa bado juu ya pedali. "Mama afikie kwangu, anywe maji kwangu, alale hata siku moja, ndo aende huko kwenye marumaru. Nimekosea, mama Brightson?"

"Hujakosea."

"Mkubwa ni jalala, bwana. Baba alipokuwa anaumwa nani alimuuguza? Si mie? Yuliana yuko bodingi anakula maharage ya serikali. Leo mama anakuja na gari la kiyoyozi, mie nikamsalimie kama jirani?"

Akampigia Yuliana palepale, akaweka sauti ya juu ili mimi niwe shahidi. Yuliana akasema, "Sawa dada, tutapitia kwako, wala usijali." Flaviana akakata simu akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Kuanzia hapo hakukaa. Alipaka chumba chake rangi mwenyewe. Alishona mapazia. Kitanda alikisogeza kwenye ukuta usiopigwa na jua, akaja kuniazima neti yangu mpya, nami nikampa ingawa sikupenda. Mama lishe wa pale kona aliambiwa, muuza mkaa akaambiwa, hata yule kijana wa chipsi ambaye hana habari na mama wa mtu yeyote naye aliambiwa. Mtaa mzima ukajua kwamba mama yake Flaviana anakuja kufikia kwake. Nilimwonya asitangaze kitu kabla hakijafika mlangoni. Akaniambia nina roho ya kwanini kwa kuwa mie mama yangu hayupo tena. Maneno yale yaliniuma, lakini siku ile nilimwacha.

Kisha picha zikaanza kuingia.

Wana kundi lao la simu, limeandikwa Familia ya Polikarpo, na humo wamo baba wadogo, mashangazi na binamu wa kila upande. Yuliana alikuwa anapiga picha kila gari linapopunguza mwendo. Ya kwanza ilikuwa Chalinze, familia nzima imevaa miwani ya jua, Avelina ameshika mshikaki. "Safari imeanza, Mungu mbele."

"Miwani ndani ya gari lenye vioo vyeusi," Flaviana akasema. "Jua linawapigia wapi?"

Kisha Mikumi. Barabara kubwa inapita katikati ya mbuga, na tembo jike na mtoto wake walikuwa wamesimama karibu kabisa na lami, mtoto amejificha chini ya tumbo la mama. Picha nzuri, nitasema ukweli wangu. Mie nimekaa Dar maisha yangu yote na tembo nimemwona kwenye mfuko wa saruji tu.

"Tembo mwenyewe mchafu," Flaviana akasema. "Kajipaka tope mpaka masikioni. Sie tulivyokuwaga tunaenda na basi tuliwaona wengi kuliko hawa. Sema simu yangu ilikuwa ya tochi."

Yakaja mafungu ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni yamening'inizwa, kisha ikaja ya mlima Kitonga. Nyani amekaa juu ya ukingo wa barabara anakula hindi, na Stanley amejiinamia pembeni yake anacheka, meno yote nje.

"Wamefanana," akasema.

Ikafuata ya watoto wamevaa makoti Njombe huku moshi unawatoka mdomoni, kisha ng'ombe wamefunga njia mbele ya gari mahali fulani baada ya Songea. Kila picha alikuwa anaitazama mpaka mwisho wake, akiivuta kwa vidole viwili, anatafuta kasoro. Halafu anaandika kwenye kundi, "Mpo vizuri sana wapendwa," na mioyo mitatu myekundu. Kule wivu hakuutangaza. Kule kuna mashangazi.

"Mie hapa wivu utaniua," aliniambia akiweka simu chini. "Wivu ni kidonda. Si ndo wanavyosema?"

"Ukishiriki utakonda," nikamjibu. "Na wewe mwili huna wa kupunguza, labda uzipunguze suruali za watu, zinakungoja."

Hakucheka.

Siku waliyofika Mbinga ikaja picha ambayo sitaisahau kwa vurugu iliyoleta. Bi Genoveva amekaa kwenye kigoda mbele ya banda la mbuzi. Avelina amembeba kitoto cha mbuzi cheupe. Yuliana amemkumbatia mama kwa nyuma, shavu kwa shavu. Bibi anatabasamu, na amevaa gauni la kitenge cha kijani ambalo Flaviana alimshonea mwaka jana na kulituma kwa basi.

Nilidhani atafurahi kuona gauni. Akaivuta picha, akaivuta tena, akasimama.

"Umeona?"

"Nimeona mbuzi."

"Achana na mbuzi! Angalia bega. Angalia hapa kwenye kwapa. Hii si mishono hii? Wamemvalisha mama gauni langu ndani nje!"

Nikatazama. Kweli, mishono ilikuwa nje, nyuzi zinaning'inia mpaka kiunoni.

"Labda mwenyewe kavaa kwa haraka," nikasema.

"Mama yangu? Sie tulikuwa tunachapwa tukienda kanisani kola ikiwa imekunjika! Mama avae nguo ndani nje, apigwe picha? Huyu ni Yuliana. Kageuza kusudi ukoo mzima uone nilivyoshona."

Sasa niliahidi kusema kuhusu ndani. Gauni lile hakulipiga ovaloki, ule mshono wa ndani wa kuzuia nyuzi zisichomoke. Alikuwa na haraka ya kulipeleka stendi, akasema ndani hakuna atakayeona, na sasa mashangazi wote walikuwa wanaona, na mmoja aliandika, "Bibi kapendeza." Flaviana alikaa kutwa nzima anafumua suruali ya mteja ambayo haikuwa na kosa lolote.

Njiani kurudi, Yuliana akatuma nyingine ya Mikumi. Wamesimamisha gari pembeni. Nyuma yao twiga watatu wanakula majani, watoto wananyoosha vidole, Stanley naye ananyoosha kidole, na bibi amesimama katikati yao anatabasamu vizuri kabisa kuelekea upande mwingine, kwenye lami tupu. Yuliana ameandika, "Bibi hana habari na twiga," na watu wanacheka mpaka machozi kwa vile vikatuni.

Flaviana naye kwa mara ya kwanza akafurahi. "Unaona? Hata kutazama hatazami. Mama akili yake iko huku. Anataka kufika kwangu."

Siku ya kufika, alichinja kuku wa kienyeji, akapika na viazi vitamu kwa kuwa mama yake anavipenda. Alioga mapema akavaa sare ya Wawata, ile ya akina mama wa kanisani, kwa heshima. Viti vinne viliwekwa barazani, viwili vyake, kimoja changu, kimoja cha muuza mkaa. Stanley alikuwa ametuma ujumbe kwamba wako Kibaha. Kutoka Kibaha kuja Manzese ni kunyoosha tu, barabara ni ileile ya Morogoro. Flaviana alikwenda mpaka barabarani akasimama karibu na kituo cha mwendokasi, mabasi yanampita yamejaa, yeye anatazama magari madogo. Mimi nilibaki na chungu.

Aliporudi alikuwa anatembea taratibu. Alininyooshea simu.

Bi Genoveva amekaa kwenye sofa jeupe. Mbele yake sahani ya samaki wa kukaanga, mzima na kichwa chake. Mguuni kwake kuna zulia. "Tumefika salama Kunduchi, asante Mungu. Tulipitia Goba kukwepa foleni. Bibi anapata samaki wa baharini."

Mama lishe akapaza sauti kutoka kona, "Flavi! Mgeni wetu kafika wapi?"

"Yuko njiani," Flaviana akajibu. Nilimwonea huruma kwa jibu lile. Akaingia ndani, akapakua kuku na viazi vyote kwenye hotpoti, akafunga kwa kanga. "Mama Brightson, twende."

"Wapi?"

"Kumfuata mama yangu."

Tulichukua bajaji. Ameikumbatia hotpoti mapajani, anaongea peke yake toka Shekilango mpaka Mwenge. Utotoni Yuliana ndiye alikuwa anapewa kipande cha nyama yenye mafuta. Yuliana alisomeshwa kwa kahawa ile waliyochuma wote. Na sasa Yuliana kamchukua mama. Halafu akatulia, akasema kitu kilichonifanya nigeuke.

"Leo mama simwamkii."

"Flaviana!"

"Simwamkii. Nitasimama mbele yake. Aniangalie machoni, aniambie nimemkosea nini, ndo nimpe shikamoo yake."

Nimeishi na watu wa kila aina. Nimeona mtoto akimdai mzazi wake, nimeona mtoto akimtukana mzazi wake huku amelewa. Lakini mtu mzima, mwenye sare ya Wawata mwilini, kusimama mbele ya mama yake akamnyima shikamoo, hilo sikuwa nimeliona. Nilimwambia hivyo. Akasema basi leo utaliona.

Kunduchi upepo ulikuwa unaleta harufu ya samaki toka kule wanakoshushia. Geti lilifunguliwa na dada wa kazi, akasema baba na mama wamekwenda kuchukua keki na gauni la Avelina, bibi yuko kibarazani. Flaviana akapita mbele. Mimi nyuma yake, namwombea kimoyomoyo apate haya.

Bi Genoveva alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini. Ni mama mdogo wa umbo, kichwa amefunga kitambaa cheupe. Flaviana akaenda akasimama mbele yake kabisa, hatua mbili, akaweka hotpoti kwenye nyonga, mkono mwingine kiunoni. Kimya. Anangoja.

Bibi akainua uso. Akamtazama. Mimi nilisimama pembeni nikaona akimtazama.

"Karibu, dada," bibi akasema kwa upole. "Mwenye nyumba katoka kidogo. Wewe ndo wa samaki?"

Flaviana akaikaza hotpoti nyongani. Nilijua anachokifikiria kwa sababu na mimi nilifikiria hilohilo: kwamba amekanwa. Kwamba sofa jeupe na samaki mzima vimetosha mama amsahau mtoto aliyemtoa tumboni. Akanigeukia, machozi yamejaa.

"Umeona? Hanijui! Mama yangu hanijui!"

Bibi akaruka kwenye kiti. "Flaviana? Flaviana mwanangu, ni wewe?" Akanyoosha mikono miwili mbele kwa haraka, na mikono ile ikaikuta hotpoti. Akaipapasa. Akaifuata kanga, akaufuata mkono wa Flaviana kwenda juu mpaka begani, mpaka shingoni, mpaka shavuni, na pale ndipo iliposimama.

Dada wa kazi alikuwa ameshika mlango.

"Mama," Flaviana akasema. "Huoni?"

"Naona."

"Mama."

"Naona mwanga. Naona kama mtu amesimama. Nikisikia sauti namjua ni nani." Akavuta pumzi. "Wewe hukutoa sauti."

Flaviana akaweka hotpoti sakafuni, akapiga magoti. "Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Tukakaa palepale chini. Bibi akaeleza. Yalianza kama ukungu wa asubuhi, akadhani ni moshi wa jikoni. Ukungu haukuondoka. Hakumwambia mtu. Nyumbani kwake anajua kila jiwe, mbuzi wanakuja wenyewe, njia ya kisimani miguu yake inaijua. "Ningesema, mngenitoa kwenye nyumba ya baba yenu," alisema. "Mngenileta huku nikae nisikilize luninga."

"Na gauni langu?" Flaviana akauliza. Sikuamini masikio yangu, lakini aliuliza.

"Gauni lipi?"

"La kijani. Nani alikuvalisha?"

"Nani anivalishe, mimi mtoto? Nilivaa mwenyewe."

Flaviana akaniangalia, mie nikatazama bustani.

"Sasa kwa nini hukufikia kwangu, mama?" Hapo sauti yake ilirudi ile ya kwenye bajaji. "Niliwaambia watu wote. Nilipaka rangi."

Bibi akatafuta mkono wake akaushika. "Mimi ndiye niliyemwambia Stanley nimechoka, apite njia ya mkato. Nilikuja kwako mara moja, mwaka ule baada ya msiba wa baba yenu, kama unakumbuka. Pale mbele ya nyumba yenu kuna mtaro na ubao. Nilikuwa naona, na bado niliuogopa ule ubao. Sasa ningeshuka kwenye gari watu wako wote wananitazama, mama yake Flaviana huyo anakuja, nikakanyaga hewa nikaanguka mtaroni. Nikupe aibu hiyo?"

Ule ubao upo kweli. Kila siku tunasema tutaweka zege.

Flaviana alilia, akafuta, akalia tena. Kisha akauliza swali ambalo niliona limetoka mahali pengine kabisa moyoni. "Yuliana anajua?"

"Hajui. Usimwambie mpaka mtoto apate komunyo."

Nikaona kitu kinampita usoni, na sikukipenda. Ilikuwa furaha. Ndogo, ya haraka, lakini furaha. Amepata kitu cha mama ambacho mwenzake hana. Nilitaka kumfinya.

Siri yenyewe hata hakuikalia. Geti liliita, Yuliana akaingia na boksi la keki, "Ooo dada! Shikamoo, tulikuwa tunataka kukupigia..." na Flaviana akasimama.

"Umekaa naye kwenye gari toka Mbinga, Yuliana. Umempiga picha mpaka na twiga. Hujaona mama yako haoni?"

Yuliana akacheka kidogo, akidhani ni mafumbo. Akamtazama mama, akanitazama mimi. Boksi la keki likainama, Stanley akaliwahi. Yuliana alimwendea mama yake akatikisa mkono mbele ya uso wake, na bibi hakupepesa. Halafu akatoa simu, akaanza kuzirudia picha moja baada ya nyingine, akiwa amesimama, viatu vya ofisini bado miguuni. Bibi anatazama paa. Bibi anatazama lami. Bibi anatabasamu kwenye bega la Stanley wakati kamera iko kushoto.

"Alikuwa anacheka," Yuliana akasema. "Dada, alikuwa anacheka safari nzima."

"Nilikuwa nafurahi," bibi akasema. "Kucheka kunataka macho?"

Yuliana akakaa chini, akalia kwa uchungu. Halafu akainua uso na kusema, kama mtoto kabisa, "Sasa kwa nini kakwambia wewe? Mie ndo nilimfuata. Mie ndo nilisafiri mpaka kule. Kwa nini umemwambia yeye, mama?"

Nikajua basi, huu ugonjwa ni wa ukoo.

Komunyo ilifanyika, Avelina alipendeza, bibi alikaa mbele na alipiga vigelegele kuliko wote. Baada ya hapo tukampeleka hospitali ya macho. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, utando tu, unatolewa, wala si jambo la kutisha. Wataanza na jicho la kulia, watalifunga, kesho yake asubuhi watalifungua.

Basi mabinti wakaanza upya. Maana kama kuna wa kwanza kufikiwa, kuna na wa kwanza kuonwa.

"Kufikia umeninyang'anya," Flaviana alimwambia mdogo wake kwenye benchi la hospitali, mbele za watu. "Kuonwa kwanza ni kwangu. Sitaki mjadala."

"Bibi yuko kwangu, dada. Nitakuja naye asubuhi, nitakuwa nimemshika mkono. Unataka nifumbe macho yake kwa kiganja changu?"

"Ukiweza, fanya."

Asubuhi ya kufunguliwa jicho Flaviana alitoka Manzese kabla hata ya adhana. Nilikuwa naye, nimebeba chupa ya chai. Alikuwa amesuka nywele mpya, amepaka wanja, amevaa gauni aliloshona kwa siku tatu, na lile, niliangalia mwenyewe, lilipigwa ovaloki kila mahali. Alitaka mama yake aone kitu kizuri. Njiani aliniuliza mara nyingi kama wanja uko sawa.

Nesi akatokea akasema ndugu aingie mmoja tu, chumba ni kidogo. Wote wawili wakasimama. Wakatazamana. Nesi akachoka kungoja, akamuuliza mgonjwa mwenyewe.

"Aingie mkubwa," bibi akasema.

Laiti ungemwona Flaviana alivyotembea zile hatua chache. Yuliana alibaki na mimi mlangoni, amekunja mikono, midomo ameibana. Mlango haukufungwa, tuliona kila kitu. Nesi akabandua plasta, akaondoa pamba, akalifuta jicho taratibu. Akasema, "Fungua, mama, pole pole."

Bi Genoveva akafungua. Akapepesa sana, chozi likamtoka. Akaiona dari, akaliona dirisha, akaiona kofia ya nesi. Kisha akashuka mpaka kwa Flaviana aliyekuwa amepiga magoti mbele yake, uso juu, anatabasamu na wanja wake.

Akamtazama kwa muda mrefu. Tabasamu la Flaviana likaanza kuchoka.

"Flaviana?" akauliza, kama mtu asiye na hakika.

"Ndo mie, mama."

Bibi akanyoosha mkono, akamgusa pale kando ya jicho palipojikunja, akashuka mpaka mistari ya mdomoni, akarudi juu kwenye nywele, kule chini ya misuko ambako nyeupe zimeanza.

"Mbona umezeeka hivi, mwanangu?" akasema. "Umezeeka lini?"

Flaviana akainamisha uso. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Alikuwa mtu mwenye nywele nyeusi alipoondoka Mbinga baada ya kumzika baba yake, na kila mwaka amekuwa akisema mwakani.

"Mama," Yuliana akasema mlangoni. Hakuweza kuvumilia tena, akaingia, nesi akasema jamani, yeye akaendelea. "Mama, na mie nipo."

Uso wa bibi ukaanza kugeuka kuifuata sauti. Flaviana akaushika mkono wa mama yake, akasogea akajaza nafasi yote kati ya kiti na mlango, gauni lake jipya likimziba mdogo wake kabisa.

"Subiri wewe," akasema huku analia. "Mama hajamaliza kuniangalia."